Magitaa ya zamani msiyapige msasa

Mhariri,

Jumamosi iliyopita, kwenye kurasa zenu za burudani, mlikuwa na habari ya vijana wanaopita nyumba kwa nyumba kukusanya vyombo vya bendi za zamani za muziki wa dansi, ili viwekwe mahali watu wakavione. Wazo lao nimelipenda. Habari yenyewe nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani, na kilichonifanya nitafute kalamu ni ile picha: gitaa la umeme lililokuwa jeupe, sasa lina rangi ya samli, na juu yake nyufa nyembamba kama nywele zimepita kutoka chini ya nyuzi mpaka ukingoni. Maelezo ya picha yanasema gitaa hilo "limechakaa vibaya" na litapelekwa kwa fundi likwanguliwe, lipigwe rangi upya, lionekane kama lilivyotoka dukani.

Huyo fundi ni mtu kama mimi. Napuliza rangi Keko, Dar es Salaam, tangu 1984: makabati, vitanda, milango, na miaka ya nyuma magari pia. Kosa ambalo vijana hao wanakaribia kulifanya, mimi nililifanya mwaka 1989 kwa mikono yangu hii, tena nikalipwa.

Mzee mmoja, jina lake nalihifadhi kwa kuwa watoto wake wapo na wananifahamu, alikuja kibandani kwangu na gitaa amelizungushia kanga kuukuu. Alikuwa mpiga solo. Enzi zile vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya chama au shirika linalomiliki bendi. Mwanamuziki akihama, anaondoka na vidole vyake tu. Ila hili lilikuwa lake mwenyewe. Alilinunua Nairobi kwa mwanamuziki wa hoteli aliyekuwa anarudi kwao. Fender Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender ya Marekani. Alichotaka kilikuwa kidogo: ukingoni, karibu na kifungo cha mkanda, rangi ilikuwa imebanduka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, naye akaogopa kwamba ule mbanduko utaenea.

"Niwekee hapo tu, mwanangu," aliniambia. "Hapo tu."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina kompresa mpya, na nikaona aibu kumrudishia mtu mzima gitaa la njano. Nikalifungua. Shingo ikatoka na skrubu zake nne, na kwenye kisigino chake palikuwa na muhuri wa wino, mwezi na mwaka: NOV 64. Bamba la chuma la nyuma lilikuwa na namba inayoanza na herufi L. Kisha nikaondoa lile bamba la plastiki la mbele, na hapo ndipo nilipopotea njia. Chini ya plastiki gitaa lilikuwa jeupe. Jeupe kama tui. Nikasema moyoni, kumbe njano yote hii ni uchafu, moshi wa sigara wa ukumbini na jasho la miaka ishirini na tano.

Nikachukua msasa, namba 120 kwanza, halafu 240. Vumbi lililotoka lilikuwa la njano mwanzoni, halafu likawa jeupe. Hilo peke yake lilitosha kuniambia kitu kama ningekuwa na masikio. Upande wa juu, pale mkono wa kulia unapolalia wakati wa kupiga, rangi ilikuwa imekwisha yenyewe na mti uko nje, wa kahawia, laini kama mpini wa jembe la bibi. Nikapajaza pati. Bamba la plastiki nalo lilikuwa na ukijani hafifu, kama embe bichi lililomenywa, nikadhani ni ukungu, nikalisugua pia. Harufu ya kafuri ikanipanda puani. Kafuri ile ile ya kuoshea maiti. Nikashangaa, nikaendelea kusugua. Halafu nikalipiga gitaa rangi nyeupe ya gari, ile inayochanganywa na hadna, dawa ya kuigandisha, mikono mitatu, na klia, rangi ya kung'aza isiyo na rangi, juu yake.

Alipokuja kulichukua nilimwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gitaa liko wapi?"

Nilikuwa nimelitundika kwenye msumari mahali litakapopata mwanga, linang'aa kama sinki la hotelini. Akalishusha, akalipakata, akalaza mkono wa kulia pale juu. Mkono ukateleza. Akaulaza tena, ukateleza tena. Akaligeuza nyuma, akawa anatafuta kwa kidole ule mkwaruzo wa bizimu ya mkanda wake wa suruali, ambao mpaka leo naukumbuka, ulikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti.

"Umelifua," akasema.

Akahesabu pesa, zote tulizopatana, hakupunguza hata senti. Nikadhani amefurahi.

Ilinichukua miaka kumi na saba kuelewa. Mwaka 2006 mwanamuziki aliyekuwa anapiga hotelini Muscat alirudi likizo na Gibson, gitaa la kampuni nyingine ya Marekani, iliyovunjika shingo, pale pale kichwani, ugonjwa wa Gibson nyingi, maana kichwa chake kimelala kwa nyuma na mti wake ni mahogani, binamu wa mkangazi wetu. Likianguka chali linakatika hapo. Kabla hajaniachia alinipa masharti. Gundi ndiyo. Rangi, pale palipovunjika tu, na kwa laka ya aina ile ile. Nyufa nisiziguse. Njano nisiiguse. Nikamuuliza kwa nini anatunza uchafu, naye akacheka, akavuta stuli, akanipa darasa la saa nzima. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizia, nikisoma, na kila gitaa la zamani linalopita mikononi mwangu nalichungulia ndani kama daktari.

Laka ya magitaa hayo ni pamba. Sisemi kwa mfano, ni pamba kweli, zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya kuchambuliwa, zikatiwa kwenye asidi kali, kisha zikayeyushwa kwenye vimiminika vya jamii ya thina. Nitroselulosi ndilo jina lake la kitaalamu. Sisi hapa tunaiita en-si. Huko Marekani kampuni ya DuPont iliitoa kwa ajili ya magari katika miaka ya 1920 kwa jina la Duco, na viwanda viliikimbilia kwa sababu vanishi za kabla yake zilichukua siku na siku kukauka, hii ni suala la saa. Mzee aliyenifundisha kazi aliita rangi yoyote ya gari "duko". Asili ya neno hilo niliijua nikiwa tayari na mvi.

Sasa sikilizeni tofauti yake na rangi tunazopuliza siku hizi. Rangi ya hadna ikishakauka imeiva, ni kama yai la kuchemsha, hakuna wa kulirudisha ubichini. Laka ya pamba haiivi. Kimiminika kinaruka hewani, pamba inabaki, basi. Ukiigusa na thina baada ya miaka sitini inalainika tena kama sukari guru kwenye chai. Kwa fundi hilo ni jambo la raha: lile Gibson la Muscat, nilipopuliza laka mpya kwenye kovu la shingo, ya zamani ikaipokea, zikaungana, na kwa kung'arisha kidogo huoni mpaka uko wapi. Rangi ya hadna haikubali hivyo, kila mkono unakaa juu ya mwenzake kama chapati.

Lakini kwa kuwa haiivi, pia haitulii. Ndani ya laka hutiwa vilainisho ili isikatike, na kafuri na mafuta ya mbarika yamo katika orodha ya vilainisho vilivyotumika tangu zamani. Miaka inavyokwenda vilainisho vinatoka kidogo kidogo, laka inanywea, inazama kwenye vinyweleo vya mti, inakuwa nyembamba na kavu kama ganda la kitunguu. Mwanga na joto navyo vinaivunjavunja pole pole, nayo inageuka njano. Hata ingekaa kabatini ingegeuka, ila juani inakimbia.

Na ile kafuri niliyoinusa? Mabamba ya plastiki ya Fender ya kipindi kile, kuanzia 1959 hadi katikati ya miaka ya 1960, mengi yalikuwa ya seluloidi, ambayo ni pamba ile ile iliyokandwa na kafuri. Ule ukijani wa embe bichi ndio uzee wake. Walioshika magitaa mengi huutafuta kwanza kabla ya kutazama kitu kingine, maana kuughushi si rahisi. Mimi niliusugua kwa msasa.

Turudi kwenye weupe. Mnunuzi wa Fender wakati ule aliyetaka rangi maalumu aliongeza asilimia 5 juu ya bei, na rangi zenyewe zilichukuliwa kwenye makopo ya magari. Nyeupe ile iliitwa Olympic White, ilikuwa imepakwa magari ya Cadillac ya 1958. Ile nyeupe yenyewe ilikuwa ya akriliki, laka ya jamii ya plastiki, si ya pamba, ambayo haigeuki njano kwa urahisi. Kinachogeuka ni klia ya pamba iliyopulizwa juu yake. Ndiyo maana vumbi langu lilianza la njano likaishia jeupe! Sikuwa nafuta uchafu. Nilikuwa napita kwenye klia, kisha kwenye rangi, mpaka nikagonga mti. Kiwandani kuna siku waliiruka hatua ya klia, na magitaa ya siku hizo yamebaki meupe hadi leo. Na yapo yaliyotoka ya bluu, ile inayoitwa Lake Placid Blue, ambayo klia imegeuka njano juu yake yakawa kama kijani cha bahari. Mwenye nalo anaweza kukuapia kwamba alilinunua kijani, mpaka ulifungue umwonyeshe bluu chini ya bamba. Yeyote aliyewahi kuchanganya rangi kwenye kopo ataelewa bila kuelezwa.

Gibson wao walikuwa na balaa jingine. Kati ya 1958 na 1960, kiwandani kwao Kalamazoo, jimbo la Michigan, walitoa magitaa ya Les Paul yenye wekundu wa moto ukingoni unaoingia kwenye njano katikati. Wekundu ule haukuvumilia mwanga. Gitaa lililokaa dirishani mwa duka lilichujuka kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba: jingine limebaki rangi ya chai ya rangi, jingine la asali, jingine njano tupu na hakuna dalili ya wekundu ila ukifungua vizungushio vya pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, pale mwanga haukufika. Katikati ya 1960 wakabadilisha wekundu wakaweka unaodumu. Na yale yaliyofifia, kosa la kiwandani mtu akitaka kuliita hivyo, ndiyo leo yanauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na kila kiwango cha kufifia kimepewa jina lake. Yale ya dhahabu ya kabla ya hapo, kuanzia 1952, dhahabu yake ilikuwa unga wenye shaba. Laka ikiisha pale mkono unapolalia, jasho linafika kwenye unga na panaota kutu ya kijani kama kwenye bomba la zamani. Binafsi hayo ndiyo nayapenda kuliko yote, ingawa nimeyaona kwenye picha tu.

Kuhusu nyufa, ambazo ndizo zimewatisha vijana wetu. Mti unatanuka na kunywea kwa joto na unyevu. Laka ikiwa changa inafuatana nao. Ikishakauka haifuati, mti ukinywea au ukivimba ghafla, yenyewe inapasuka. Huko kwao mara nyingi ni baridi: gitaa limesafiri usiku wa theluji ndani ya kasha, mtu analifungua kwenye ukumbi wa joto, na mbele ya macho yake nyufa zinakimbia na unasikia tik, tik. Hapa kwetu theluji hatuna, lakini gari la bendi likitoka Njombe mwezi wa Julai usiku, likashuka mpaka joto la Dar mchana wake, vyombo viko nyuma chini ya turubai, hesabu ni ile ile. Sitashangaa nyufa za kwenye picha yenu kama nusu yake ni ziara za mikoani. Kwa hiyo mkizifuta mnafuta na safari.

Kampuni ya Fender yenyewe iliachana na laka hii kwa sehemu kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960, wakahamia poliesta nzito ngumu isiyozeeka kwa namna hiyo. Ikipigwa inabanduka vipande kama kigae. Halafu, tazameni maajabu, mwaka 1995 kampuni hiyo hiyo ikaanza kuuza magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi, yamekwanguliwa, yamepasuliwa rangi, skrubu zimetiwa kutu. Gibson nao sasa wana karakana nzima ya kazi hiyo. Fundi mwenzangu huko analipwa apasue laka kwa wembe na ubaridi ili ifanane na ile ambayo mimi nililipwa niiondoe. Nilipoelewa hivyo nilicheka, kisha sikucheka tena.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya matajiri. Basi chukueni mfano wa Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland. Alinunua Stratocaster ya 1961 akiwa kijana, mwaka 1963, kwenye duka la mji wa Cork, kwa pauni 100 alizokuwa akizilipa kidogo kidogo. Iliwahi kuibwa ikapatikana imetupwa mtaroni mvuani. Alitoa jasho jingi jukwaani, na jasho lile likaila laka mpaka gitaa likabaki mti mtupu na viraka vya rangi vya hapa na pale. Hakulipaka tena. Mwaka 2024 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 800,000, likaenda kwenye makumbusho ya taifa ya Ireland. Mtu akienda kulitazama anaona mkono wake ulipokuwa unakaa. Wapiga solo wetu walitoa jasho pungufu? Ukumbi wa Dar, mwezi wa Februari, feni moja, dansi mpaka saa nane usiku.

Wanunuzi wa huko husema gitaa la zamani lililopakwa upya limepoteza karibu nusu ya bei. Bei si hoja yangu, lakini naitaja ili mtu asiliuze kwa hasara akidhani amelipandisha daraja.

Vitu vinavyoua laka hii kweli kweli, tofauti na uzee wa kawaida, viko majumbani mwetu na havitishi mtu. Miaka michache iliyopita niliitwa Magomeni kutazama gitaa lililolazwa juu ya kabati miaka mingi, chini yake kitambaa cha plastiki cha meza, kile chenye maua. Tulipoliinua lilinyanyuka na kitambaa. Kile kinacholainisha plastiki kilikuwa kimehama kikaingia kwenye laka, laka ikalainika ikashika, na mgongo mzima wa gitaa ulikuwa na chapa ya maua ya waridi na majani yake, umesomeka vizuri kuliko kitambaa chenyewe. Mpira wa stendi za gitaa unafanya vivyo hivyo, na mikanda ya ngozi bandia. Na dawa ya mbu, ile ya kujipaka, ambayo nyingi ina kitu kinachoitwa diiti: mpigaji anajipaka mikononi, anapanda jukwaani, anakuta alama za vidole vyake zimezama kwenye rangi. Nimeiona mwenyewe, vidole vinne na gumba, kama alama ya polisi. Dawa za kung'arisha magari zina silikoni, na fundi atakayekuja kuziba mkwaruzo baadaye rangi itamkataa, itatoa yale macho ya samaki, vishimo vya duara tunavyovijua sote tunaopuliza.

Sauti sitaizungumzia sana. Wapo wanaoapa kwamba laka nyembamba inaacha mti "upumue" na gitaa linalia vizuri zaidi. Mimi ni fundi wa rangi, mti uliokatwa haupumui, na sauti ya gitaa la umeme inatoka kwenye nyuzi na pikapu kabla haijatoka popote pengine. Yule mzee hakuniambia kwamba sauti imebadilika. Aliniambia nimelifua.

Kwa hiyo vijana wetu, nawaomba. Kabla ya kuamua chochote, fungueni bamba, tafuteni mahali pa ndani pasipoonekana, mguse kwa pamba yenye tone la thina. Pakilainika ni laka isiyoiva, ya pamba au ya akriliki, rudisheni bamba mfunge mdomo wa kopo. Pasipolainika ni poliesta au rangi ya hadna, na hapo shauri yenu, ingawa hata hapo mimi ningeuliza kwanza ni nani aliyeipaka. Usafi ni kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo na kingine kikavu. Kipande kinachotaka kubanduka kinabandikwa na tone la laka, hakitolewi. Mkiyaweka kwenye maonyesho msiyaelekeze dirishani, wala msiyafungie kwenye sanduku la kioo lisilopitisha hewa, maana seluloidi ikizeeka inatoa hewa chungu inayokula vyuma na kula laka iliyo karibu nayo. Na chini ya kila gitaa, badala ya kuandika "limechakaa", andikeni ni la nani, alipiga wapi, na mkono wake ulikaa wapi.

Yule mzee alifariki. Mwaka jana mjukuu wake, kijana wa chuo, alikuja kibandani na gitaa lile lile, hajui kama ni mimi niliyelipaka. Waya mmoja ulikuwa umeachia. Nilipoliona mlangoni nililijua kabla hajalitoa kwenye mfuko: jeupe vile vile, jeupe la sinki, miaka thelathini na kitu halijapata hata ukungu wa njano. Nikalifungua nilihomee waya. Kwenye shimo la pikapu ya shingo, kwenye kona ambayo msasa wangu haukufika, pamebaki kijistari cha klia ya zamani, cha upana wa njiti, rangi ya samli. Nikamwita asogee na tochi ya simu.

"Babu alikuwa na gitaa la rangi hii?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, na kwamba aliyelibadilisha ni mimi. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama naweza kulirudisha lilivyokuwa, nilitie njano na nyufa, siku hizi si zinatengenezwa? Naweza. Laka ninayo, rangi ya kutia njano ninayo, na wembe. Nikakataa, nikamfungia bamba lake, sikumtoza pesa ya waya.

Alipokuwa anatoka alilipakata mlangoni kujaribu nyuzi. Nikautazama mkono wake wa kulia. Bado unateleza.

Wako,
Fundi rangi,
Keko, Dar es Salaam